Kwa Nini Dawa ya Sonona Husubiriwa Wiki Kadhaa

Ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma mazungumzo haya gazetini, dawa nyingi tunazozifahamu hazichelewi. Ukimeza Panadol kwa sababu kichwa kinauma, haipiti saa nzima umeanza kupata ahueni. Ukichomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, baada ya dakika chache shavu halina habari. Lakini iko dawa ambayo daktari akikuandikia hakutajii saa, hukutajia wiki. Hiyo ni dawa ya sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyotaka kuondoka, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, hamu ya kazi, na mwisho hata hamu ya kuishi. Mgonjwa huambiwa ameze kila siku, na asitazamie nafuu ya maana kabla ya wiki mbili, pengine nne, pengine sita.

Hapo ndipo penye hatari. Wiki hizo ni ndefu mno kwa mtu ambaye kila asubuhi ni mlima. Ikifika siku ya kumi, kinywa kimemkauka, tumbo linamchafuka, huzuni iko palepale, nauli ya kwenda kliniki inasumbua, na nyumbani wameanza kunong'ona kwamba huyu hana ugonjwa, ana uvivu. Basi anavitupa vidonge kabatini na kusema dawa hii haifai kitu. Kumbe ameiacha wakati mwili wake ulikuwa katikati ya kazi.

Leo nataka nikusimulie historia ya wiki hizo. Zinatoka wapi? Dawa inafanya nini ndani yake? Swali hili limewasumbua wataalamu kwa miongo mingi, na jibu lake, ingawa halijakamilika, limetufunza jambo kubwa kuhusu miili yetu.

Tuanze na kemikali yenyewe. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Kitaliano, Vittorio Erspamer, alikuwa akichunguza utando wa matumbo. Alipata humo kitu kinachoifanya misuli ikaze, akakiita enteramini. Mwaka 1948, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walichuja kutoka katika maji ya damu kitu kinachobana mishipa. Wao wakakiita serotonini. Baadaye ikabainika kwamba majina yalikuwa mawili lakini kitu ni kimoja. Hadi leo inajulikana kwamba sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwilini, zaidi ya asilimia 90, imo tumboni wala si kichwani.

Aliyeikuta kichwani ni mwanamke kijana, Betty Twarog. Yeye alianza kwa kuuchunguza msuli wa kome, yule mdudu wa baharini anayejifungia ndani ya magamba mawili. Alipokwenda Cleveland kwa Page aliomba aruhusiwe kuitafuta serotonini katika ubongo wa wanyama. Mwaka 1953 yeye na Page walitangaza kwamba imo. Kuanzia hapo serotonini haikuwa tena habari ya tumbo na damu tu. Ikawa habari ya akili.

Wakati huohuo dawa zilikuwa zinajitokeza, na zilikuja kwa bahati. Katika hospitali ya Sea View, jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa mpya mwaka 1952. Mojawapo ilikuwa isoniazidi, ambayo hadi leo wagonjwa wa kifua kikuu hapa kwetu wanaimeza. Nyingine ilikuwa ndugu yake, iproniazidi. Wauguzi waliona ajabu. Watu waliokuwa wamelala wakingoja kufa wakaanza kuchangamka, wakala kwa hamu, wakapiga soga wodini, hata kabla mapafu yao hayajapona. Mwaka 1957 daktari Nathan Kline na wenzake walieleza kwamba dawa hiyo inawasaidia wagonjwa wa huzuni wasio na kifua kikuu. Hata hivyo haikudumu sokoni Marekani, kwa kuwa iliwadhuru baadhi ya watu ini.

Huko Uswisi nako, katika hospitali ya Münsterlingen, daktari Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa iliyokusudiwa wagonjwa wa skizofrenia. Kwa hao haikufua dafu. Alipowapa wagonjwa wa sonona, wakanyanyuka. Dawa hiyo ikaitwa imipramini. Kuhn alipoitangaza katika mkutano wa Zurich mwaka 1957, waliokuja kumsikiliza walikuwa watu wachache wa kuhesabika.

Sasa, ndugu msikilizaji, naomba tuingie kidogo ndani ya ubongo ili tuelewe dawa hizo zilifanya nini. Seli moja ya neva haigusani na jirani yake. Kati yao pana mwanya mwembamba usioonekana kwa macho. Seli inayotaka kupeleka habari humwaga kemikali katika mwanya huo. Kemikali huvuka na kunasa katika vipokezi vya seli ya pili, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Habari ikishafika, kemikali huondolewa kwa njia mbili. Ama huvunjwavunjwa na kimeng'enya, ama hufyonzwa tena na seli ileile iliyoimwaga. Serotonini ni mojawapo ya kemikali hizo. Iproniazidi huizuia njia ya kwanza, ile ya kuvunjwavunjwa. Imipramini huizuia njia ya pili, ile ya kufyonzwa. Kwa njia yoyote ile, matokeo ni kwamba kemikali hubaki nyingi zaidi katika mwanya.

Wataalamu wakapiga hesabu iliyoonekana rahisi. Kama dawa inayoongeza serotonini inaondoa huzuni, basi huzuni ni upungufu wa serotonini. Ushahidi mwingine ulionekana kuunga mkono. Reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotokana na mmea wa Kihindi, ilijulikana tangu mwaka 1955 kwamba inaikausha serotonini ya ubongo, na baadhi ya walioimeza waliingiwa na huzuni nzito. Mwaka 1967 Mwingereza Alec Coppen aliandika kuitetea hoja ya serotonini. Mwaka 1969 Lapin na Oxenkrug wa Leningrad nao wakaja na hoja ya namna hiyo.

Kutokana na hoja hiyo, wataalamu wa kampuni ya Eli Lilly katika mji wa Indianapolis walitengeneza dawa inayozuia ufyonzaji wa serotonini pekee bila kugusa sana kemikali nyingine. Waliitangaza kitaalamu mwaka 1974. Ni fluoksetini. Serikali ya Marekani iliiruhusu mwishoni mwa mwaka 1987, nayo ikaenea duniani kwa jina la Prozac. Katika miaka ya 1990 jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu hata wasioijua sura ya kidonge chenyewe.

Lakini hesabu ile rahisi ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe ni hizo wiki zetu. Dawa inapoingia mwilini, huzuia ufyonzaji wa serotonini ndani ya saa chache. Hilo linapimika. Kama ugonjwa ni upungufu, na upungufu umezibwa Jumatatu jioni, mbona mgonjwa angali analia Jumatatu ya pili? Mwenye kiu akinywa maji hangoji mwezi kiu iishe.

Baadhi ya wataalamu wakaacha kuitazama kemikali peke yake, wakageukia vipokezi. Tayari mwaka 1957, John Gaddum na Zuleika Picarelli wa Edinburgh walikuwa wameonyesha, kwa kutumia vipande vya utumbo wa mnyama wa maabara, kwamba serotonini ina vipokezi zaidi ya aina moja. Mwaka 1979, huko Baltimore, Stephen Peroutka na Solomon Snyder waligundua aina mbili katika ubongo. Leo aina zinazojulikana ni 14, na zimepangwa katika koo 7. Ufunguo ni mmoja, kufuli ni nyingi, na kila kufuli hufungua mlango wake. Mmoja unahusu usingizi, mwingine kichefuchefu, mwingine hofu, mwingine hamu ya kula. Ndiyo maana dawa moja huleta nafuu huku na usumbufu kule.

Jambo kubwa lililogunduliwa ni kwamba vipokezi si misumari iliyopigiliwa ukutani. Seli huvihesabu na kuvirekebisha. Kemikali ikizidi kwa muda, seli huvipunguza au huvifanya viwe vizito wa kusikia. Kemikali ikipungua, mara nyingi seli huviongeza. Nchini Marekani, mwaka 1975, Jerzy Vetulani na Fridolin Sulser walionyesha kwa panya kwamba matibabu ya muda mrefu ya dawa za sonona huufanya ubongo usiitikie kwa nguvu ileile kemikali nyingine, noradrenalini. Mwaka 1980 Peroutka na Snyder wakaonyesha kwamba, kwa matibabu ya muda mrefu, aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini hupungua. Ikawa kama pazia limefunuliwa, kwa sababu mabadiliko haya hayakutokea siku ya kwanza. Yalichukua muda, kama nafuu yenyewe inavyochukua muda.

Yanatokeaje? Kipokezi kikichokozwa mno, vimeng'enya vilivyo ndani ya seli hukibandika alama. Kisha protini iitwayo arestini hukijia na kukiziba kisipeleke tena habari. Baadaye seli hukimeza kipokezi hicho kizimakizima. Ama hukirudisha juu kikiwa kimepumzika, ama hukivunja. Kadhalika seli inaweza kupunguza utengenezaji wa vipokezi vipya. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, waliozichunguza kwa miaka mingi siri za jamii kubwa ya vipokezi vya namna hii, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012. Vipokezi vya serotonini, isipokuwa ukoo mmoja, ni wa jamii hiyo.

Usidhani kwamba mambo yaliishia hapo kwa shangwe. Tiba ya umeme, ambayo huwasaidia wagonjwa wengi wa sonona kali, ilipojaribiwa kwa panya iliongeza vipokezi vilevile ambavyo vidonge vilivipunguza. Tiba mbili zinaleta nafuu, lakini moja inapunguza na nyingine inaongeza! Ilikuwa lazima kutafuta zaidi.

Jibu lililoshika mizizi lilitoka Montreal, Canada, katika miaka ya 1980. Claude de Montigny na Pierre Blier walisikiliza, kwa sindano nyembamba mno za kioo, mapigo ya seli za serotonini katika ubongo wa panya. Seli hizo ni chache, zimejikusanya katika shina la ubongo, lakini matawi yake huenea kichwa kizima. Nazo zina vipokezi vyao wenyewe, vilivyowekwa kwenye shina la seli ili vichunge serotonini isizidi.

Wenye matangi ya maji majumbani watanielewa upesi. Ndani ya tangi mna boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuufunga mlango wa bomba. Vipokezi hivyo ndivyo boya la seli. Dawa inapozuia ufyonzaji, serotonini hupanda, boya hupanda, seli hufunga bomba. Blier na de Montigny waliona kwamba panya aliyepewa dawa kwa siku mbili, seli zake zilipiga polepole kuliko kawaida. Yaani siku za mwanzo dawa inamwaga kwa mkono mmoja, na mwili unazuia kwa mkono wa pili. Walipoendelea kumpa dawa, boya likalegea. Vipokezi vile vya ulinzi vilipoteza ukali wao, na kufikia wiki ya pili seli zilikuwa zimerudia mapigo yake ya kawaida huku ufyonzaji ukiwa bado umezuiwa. Hapo ndipo serotonini inapofika kwa wingi kule inakopelekwa.

Hizo, ndugu msikilizaji, ndizo wiki zetu. Dawa haijalala. Imo kazini tangu siku ya kwanza. Tunachongoja ni mwili ukubali.

Wazo zuri halikosi kujaribiwa. Mwaka 1994, huko Barcelona, Francesc Artigas na wenzake walisema hivi: kama boya ndilo linalochelewesha, tulishike kwa dawa nyingine. Waliongeza pindololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu ambayo pia huviziba vipokezi hivyo vya ulinzi. Wagonjwa kadhaa walipata nafuu upesi zaidi. Majaribio yaliyofuata yalipingana, mengine yakiona faida, mengine yasiione, na pindololi haikuwa tiba ya kawaida. Kwa hiyo boya ni sehemu ya kisa, si kisa chote. Mwaka 2003 maabara ya René Hen jijini New York ilionyesha kwamba kwa panya, fluoksetini huchochea kuzaliwa kwa seli mpya katika sehemu moja ya ubongo. Kuzaliwa huko kulipozuiwa kwa miale ya eksirei, baadhi ya faida za dawa zilipotea. Seli mpya nazo haziti kwa siku moja.

Na ile hesabu ya upungufu je? Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi, wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba wagonjwa wa sonona wana upungufu wa serotonini. Mjadala mkali ulizuka. Wako waliokimbilia kusema basi dawa zote ni uongo. Mimi nasema hapana, tusichanganye mambo mawili. Homa haitokani na upungufu wa Panadol mwilini, lakini Panadol huishusha. Namna dawa inavyofanya kazi ni swali moja, na kama inafanya kazi ni swali jingine. Hilo la pili lilijibiwa kwa upana mwaka 2018, pale Andrea Cipriani na wenzake walipochambua majaribio 522 yenye wagonjwa zaidi ya 116,000. Kwa watu wazima, dawa zote 21 walizozipima ziliwashinda wale waliopewa vidonge vitupu. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kiasi. Si muujiza, wala si hadaa.

Historia hii inatupa mambo matatu ya kushika nyumbani.

La kwanza ni subira yenye macho. Mtu aliyeanza dawa asihukumu kwa siku ya kumi. Arudi kwa daktari siku aliyopangiwa, aeleze kinachomsumbua, na aachie wiki zitimie. Zikitimia bila nafuu, iko dawa nyingine na yako mazungumzo ya ushauri, ambayo nayo ni tiba kamili.

La pili ni kwamba wiki za mwanzo ndizo za kumkalia mgonjwa karibu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza pakiti za dawa hizi ziwekwe onyo kali, kwa kuwa baadhi ya watoto na vijana walizidiwa na mawazo ya kujiua. Mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa hadi vijana wa umri wa miaka 24. Si sababu ya kuwanyima tiba. Ni sababu ya mama, baba, mke, mume, shemeji au jirani kuuliza kila siku, "Umeamkaje leo?" na kusubiri jibu la kweli. Na jibu likitisha, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

La tatu ni kutoacha ghafla. Mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga, wiki ya kwanza halali kwa kelele. Baada ya miezi haisikii tena. Siku umeme ukikatika, mashine ikanyamaza ghafla, yeye ndiye wa kwanza kushtuka. Vipokezi vilivyokwisha kuzoea dawa ni hivyohivyo. Ikikatwa kwa siku moja huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya na hisia kama za kupigwa na shoti ya umeme. Dawa hizi hupunguzwa kidogokidogo, kwa mpango wa daktari.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Amitriptilini, ambayo ni ya jamii ya ile ya Kuhn, na fluoksetini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa za matajiri wa Ulaya peke yao, na sonona si ugonjwa wao peke yao. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumweleza mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba kungoja kwake kuna maana. Kama katika nyumba yako yuko aliyeanza vidonge wiki hii, mwambie hivi usiku wa leo: dawa imeshaanza kazi, mwili unajipanga, na sisi tuko pamoja nawe mpaka ujipange.